Jadak ni Nani kwa Kiingereza?

Mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya ukoo usio wake, akapewa mahali pa kujenga na pa kulima, Wajaluo humwita jadak. Neno limetokana na kitenzi dak, yaani kukaa au kuishi, kwa hiyo kwa asili yake jadak ni mkaaji tu. Watoto wake huzaliwa hapo hapo, wajukuu pia, na bado siku jirani akikasirika kwenye baraza la chifu atawakumbusha kwamba wao ni jodak. Homa Bay na Migori, zile zilizokuwa Nyanza Kusini, zimejaa historia za namna hii. Watu walihamia huko kwa mafungu, wengine wakivuka Ghuba ya Winam kutoka ng'ambo ya kaskazini, wakawakuta waliotangulia, wakaoana na kugawiana mashamba. Neno lenyewe halimsumbui mtu kijijini. Taabu huanza linapopanda kizimbani.

Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iwe Migori iwe Homa Bay, huandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Mzee anaposimama na kusema kwamba baba wa mlalamikaji alikuwa jadak, mkalimani aliye kando yake ana sekunde mbili au tatu za kuamua. Kiingereza kinampa maneno tele. Aseme 'tenant'? Huyo ni mpangaji, na mpangaji hulipa kodi. Aseme 'settler'? Kenya neno hilo lina sura ya mzungu mwenye shamba la chai. Aseme 'guest'? Mgeni hutarajiwa kuondoka. Aseme 'squatter'? Vinywani mwa watu neno hili ndilo jepesi kuliko yote, na ndilo la hatari kuliko yote.

Hatari yake iko katika sheria. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Madai, aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda kortini kuomba atangazwe kuwa mmiliki. Jambo zito hapo ni hilo la ruhusa. Mvamizi aliyevumiliwa miaka 12 ana hoja, lakini aliyekaribishwa hana, hata akikaa miaka 50, maana miaka ya kukaa kwa hisani ya mwenye shamba haihesabiwi. Basi mkalimani akisema 'squatter', amemwondolea mzee ile karibu aliyoitaja na kumpa mlalamikaji kesi ambayo pengine hakuwa nayo. Akisema 'licensee', neno la mawakili lenye maana ya mtu aliyeruhusiwa, ameihukumu kesi kabla ya jaji. Na mzee mwenyewe hakusema lolote kati ya hayo. Alisema jadak.

Mkalimani mahiri hufanya jambo ambalo machoni pa mgeni ni kama uvivu: huliacha neno kama lilivyo. Husema kwa Kiingereza kwamba shahidi anamwita marehemu jadak, hulitamka polepole ili liandikwe herufi kwa herufi, kisha hungoja. Jaji huuliza jadak ni nini. Swali hurudi kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, mzee hueleza kwa maneno yake nani alimkaribisha nani, chini ya mti gani, mbele ya wazee gani, na maelezo hayo ndiyo huingia kwenye kumbukumbu. Kazi ya kuchagua kati ya 'squatter' na 'licensee' imerudi kwa wanaolipwa kuifanya.

Kwangu huo ndio ufundi mkubwa wa kazi hii, na ndio usiopongezwa na mtu. Tumezoea kumsifu mwenye lugha kwa wingi wa maneno, yule asiyekwama, anayekutolea visawe vitano kwa pumzi moja. Mkalimani wa mahakama huhitaji visawe hivyo vyote kichwani, na vingi anavihitaji ili ajue vya kuvikataa.

Kwa sehemu kubwa wakalimani hawa ni makarani. Mtu yule yule anayeita majina ya kesi asubuhi, anayebeba majalada na kuwaapisha mashahidi, ndiye atakayesimama kutafsiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kuwa na mkalimani bila malipo. Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mahakimu huhamishwa kutoka kaunti hadi kaunti, na aliyeletwa Ndhiwa au Mbita huenda alizaliwa Meru au Taita. Ukienda Kehancha, shahidi anaweza kuwa anasema Kikuria, na hapo maneno wakati mwingine husafiri kwa miguu miwili: Kikuria hadi Kiswahili, kisha Kiswahili hadi Kiingereza kwa kalamu ya hakimu mwenyewe. Kila kituo njiani kina uwezo wa kuongeza chumvi.

Chukua kitenzi goyo. Kwa Dholuo ni kupiga, na kama kupiga kwa Kiswahili, kinabeba kila kitu: hugoyo simu, hugoyo mbaka mkikaa kupiga soga, hugoyo erokamano ukishukuru. Shahidi akisema fulani aligoyo fulani, Kiingereza kinadai ufafanuzi ambao yeye hakuutoa. 'Hit' inaweza kuwa pigo moja. 'Beat' ni kupiga na kurudia. 'Slap' inataka kiganja na 'punch' inataka ngumi. Kuna na 'assault', ambalo si pigo tena, ni kosa lenye kifungu chake. Mahali ambapo mshtakiwa anajitetea kwamba alirusha mkono mara moja tu kumzuia mwenzake, tofauti ya 'hit' na 'beat' ni tofauti ya kwenda nyumbani na kwenda jela. Mkalimani mzuri huchukua 'hit', kwa sababu ndilo lenye madai machache zaidi, na kama korti inataka kujua ni mara ngapi na kwa nini, korti iulize.

Upande wa pili, Kiingereza cha sheria kina maneno yanayofanana sana sokoni lakini yana ukuta kati yao kwenye Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 4 kinayafafanua kwa utulivu wa mtu anayepima kitambaa. 'Harm' ni dhara lolote la mwili, maradhi au kasoro, iwe ya muda au ya kudumu. 'Wound' ni mkato au tundu lililopenya utando wowote wa nje wa mwili, kwa hiyo uvimbe mkubwa bila ngozi kupasuka haujafika hapo. 'Maim' ni kuharibu kiungo au hisi, au kukilemaza kwa kudumu. Halafu 'grievous harm', ambayo ndani yake mna kulemazwa, dhara la kuhatarisha maisha, na lile la kuacha alama ya kudumu. Kushambulia na kusababisha madhara ya kawaida ya mwili kunaweza kumpa mtu miaka 5, na dhara kubwa linaweza kumfunga maisha. Fomu ya P3, ambayo majeruhi huipeleka hospitalini ili mganga aijaze, inamtaka mganga aseme dhara ni la daraja gani, na fasili hizi huwa zimechapwa kwenye fomu yenyewe.

Sasa majeruhi anasimama kizimbani na kusema kwa Dholuo ohinya, ameniumiza. Mkalimani ameiona P3 mezani, ameisoma mara mia katika kesi nyingine, anajua wakili wa serikali anatafuta nini. Maneno makubwa yako tayari kwenye ncha ya ulimi. Anachosema ni 'he hurt me', neno la nyumbani, lisilo na kifungu. Ukubwa wa jeraha ni kazi ya mganga, na mganga atakuja kusema mwenyewe.

Jambo hili hugeuka zito zaidi mshtakiwa anaposomewa shtaka la mauaji. Hapo mkalimani anatoka Kiingereza kwenda Dholuo, na mlango ni mwembamba. Kiingereza kina 'kill', kitendo kitupu, kisha kina 'murder' na 'manslaughter', vitendo vilivyokwisha kupimwa nia. Dholuo ina nego, kuua, na mtu aliyeshika jembe kwenye ugomvi wa mpaka anaweza kusema ne anege, nilimuua, akiwa na maana tu kwamba aliyekufa alikufa mkononi mwake. Au aseme ne agoye, to otho: nilimpiga, akafa. Kwa Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 203, hilo bado si 'murder' mpaka kuwe na kile sheria inachokiita 'malice aforethought', na kifungu cha 206 kinaieleza kwa upana kuliko watu wanavyodhani. Kukusudia kuua kumo, na kukusudia kumdhuru mtu vibaya kumo pia. Kumo hata kujua kwamba unachofanya pengine kitaua, na wewe usijali. Ndiyo maana kile Kiswahili cha haraka cha kortini, kuua kwa kukusudia, hakitoshi peke yake, kwa sababu kinaacha nje yule ambaye hakukusudia kifo lakini alijua na akapuuza.

Kuna kesi moja ambayo kila hakimu Kenya anaijua, Adan dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka wa 1973 na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Iliweka hatua za kupokea jibu la mshtakiwa: aelezwe shtaka na viungo vyake vyote kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, asomewe maelezo ya tukio, apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaeleza. Sharti la maneno yake mwenyewe ndilo linalomweka mkalimani kikaangoni. Mshtakiwa akisema ne anege, kwa kuwa alianza kunipiga yeye, mkalimani mwenye pupa atatoa nusu ya kwanza kama 'I admit' na nusu ya pili kama malalamiko. Mwenye subira hutoa sentensi nzima ilivyo, na jaji akisikia ile 'kwa kuwa' anajua papo hapo kwamba huyu hajakiri kosa.

Saa nazo zina mitego yake, na huu ndio naupenda kuliko yote. Kuvunja nyumba na kuingia ili kutenda kosa huitwa 'housebreaking', miaka 7. Kosa lile lile likifanywa usiku hubadilika jina na kuwa 'burglary', miaka 10. Na usiku kisheria si suala la giza: Kanuni ya Adhabu inasema ni kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kando ya Ziwa Victoria, huku magharibi mwa nchi, saa kumi na mbili na nusu jioni mara nyingi jua bado liko juu ya maji. Mvuvi wa Mbita bado anaweza kuona uso wako vizuri na sheria tayari inakuita mwizi wa usiku.

Shahidi wa kesi hiyo atasema godhiambo. Msomaji analijua neno hili hata kama hajui Dholuo hata kidogo, kwa sababu anamjua Odhiambo, mtoto aliyezaliwa mchana umepinduka, kama anavyomjua Otieno, aliyezaliwa usiku. Godhiambo huanza alasiri na kwenda hadi magharibi. Kiswahili cha pwani, kwa kufuata adhana, kingemtaka msemaji achague: alasiri, jioni, magharibi, ama isha. Kiingereza kinamtaka achague kati ya 'afternoon' na 'evening', na 'evening' inaweza kuingia ndani ya ule usiku wa sheria. Mkalimani hawezi kuliacha neno likiwa Dholuo kila mara, kesi isingekwisha. Hapa husema 'late in the day', msemo wa Kiingereza wenye upana karibu sawa na wa shahidi, na kama ni mwangalifu kweli huongeza kwamba neno lililotumika linachukua alasiri na jioni pamoja. Kisha mwendesha mashtaka huuliza kuku walikuwa wameingia bandani au la.

Mara nyingine ni Dholuo yenye maelezo mengi kuliko Kiingereza. Wakati uliopita wa Kiingereza ni mmoja, alikuja ni alikuja, iwe asubuhi hii iwe mwaka wa uhuru. Dholuo humwuliza msemaji: lini? Nende ni mapema leo, nyoro ni jana, nyocha ni juzi au siku chache nyuma, yande ni kitambo kidogo, nene ni zamani. Vijineno hivi hutangulia kitenzi na hutoka mdomoni haraka hata msemaji hajui kwamba ameshatoa ushahidi wa tarehe. Shahidi akisema nyocha nilimwona, na mkalimani akatoa 'I saw him', siku imepotea. Kwenye kesi ambayo mshtakiwa anasema juzi alikuwa Isebania akivuka mpaka, hilo halikuwa pambo la lugha.

Kwa watoto, ufundi huu hugeuka kuwa huruma. Katika kesi chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, mtoto mara nyingi hana neno la kitendo alichofanyiwa, au analo na amefundishwa kulionea aibu. Husema alinifanyia tabia mbaya. Watu wazima wote chumbani wanajua jina la kisheria la kosa hilo, na mkalimani analijua pia. Akilitia kinywani mwa mtoto, wakili wa utetezi atauliza, kwa haki, limetoka wapi. Mahakama ya Rufani imeshakubali kwamba watoto husema kwa tafsida kama hizi na kwamba ushahidi wao hauvunjiki kwa hilo, ukitazamwa pamoja na mengine. Basi tabia mbaya hubaki tabia mbaya, na mtoto hubaki mtoto.

Mfano maarufu kuliko yote wa visawe viwili vya Kiingereza kugombaniwa na Wajaluo kortini haukutoka Migori wala Homa Bay. Ulitoka Nairobi. Wakili S. M. Otieno alikufa tarehe 20 Desemba 1986, na kwa miezi mitano mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager walishindania mahali pa kumzika. Mjane alitaka Ngong, ukoo ukataka Nyalgunga, Siaya. Upande wa ukoo ulishikilia kwamba marehemu alikuwa na 'house' Nairobi, wala hakuwa na 'home'. Kwa masikio ya Kiingereza cha kawaida huko ni kucheza na maneno, mtu aliyeishi mahali miaka mingi akalea watoto hapo unamwambiaje hana kwao? Lakini nyuma ya 'house' palikuwa na ot, nyumba kwa maana ya jengo, na nyuma ya 'home' palikuwa na dala, boma lililoanzishwa kwa taratibu zake, baba au mzee wa ukoo akiwapo, mahali mtu anapoweza kuzikwa. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Unaweza kuukubali uamuzi ule au usiukubali, mimi moyo wangu ulikuwa upande wa Wambui tangu niliposoma habari zake. Hata hivyo siwezi kukana kwamba aliyeteua 'house' na 'home' kubeba ot na dala aliteua vizuri. Maneno mengine ya jirani, 'residence', 'dwelling', 'homestead', yasingeuma vile.

Tanzania ilibadilisha sheria mwaka wa 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wako Kenya wanaodhani hatua kama hiyo ingewapumzisha wakalimani wetu. Mimi sioni hivyo. Kati ya mzee wa Kadem na jaji bado kungekuwa na lugha mbili, na jadak asingekuwa mpangaji wala mvamizi kwa Kiswahili pia.

Labda neno gumu kuliko yote kwenye kesi za urithi ni tero. Kwa kawaida ni kupeleka, kusindikiza, kuchukua mtu mahali. Katika mila ni pale ndugu wa marehemu anapomchukua mjane, naye huitwa jater. Kiingereza cha Kenya kimezoea 'inherited', kana kwamba mama wa watu ni ng'ombe au shamba, na imeandikwa hivyo mara nyingi hata hakuna anayeshtuka. Chaguo lingine ni 'remarried', ambalo lina heshima zaidi na madhara zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi Sheria ya Urithi, kifungu cha 35, ilisema haki ya mjane kuishi kwa mali ya mumewe inakoma akiolewa tena. 'Cohabited' lina harufu ya polisi. Dholuo yenyewe humwita mjane chi liel, mke wa kaburi, maana yake kwamba ndoa ya kwanza haijavunjika na huyu wa sasa ni mshika nafasi.

Mkalimani aliyeiva hujivuta hatua moja nyuma kutoka kwenye maneno yote hayo. Husema shahidi anaeleza kwamba ndugu wa marehemu alimchukua kwa mujibu wa mila, na hulitaja jina la mila hiyo kwa Dholuo. Wakili huinuka na maswali yake. Mahari mapya yalilipwa? Mama aliondoka kwenye boma la mumewe au alibaki? Watoto waliozaliwa baada ya mazishi wanatumia jina la nani?